Mahindi ya Bwana Afya

Mwaka huu, mwezi wa kumi ulipoingia na joto lake, mtaa wetu wa Isevya ulijua jambo moja ambalo Bwana Afya hakulijua: mahindi yake yalikuwa yameingia ukungu. Tulijua kwa sababu alikuwa ametugawia. Kila mwaka kabla ya mvua huwapelekea majirani sado moja moja kutoka kwenye mavuno ya uani kwake, ili mtu asishike jembe na njaa. "Ya kuanzia," husema. Safari hii nilipofungua mfuko, harufu ilinipiga usoni. Nikapasua punje moja kwa kucha, kiini kilikuwa cha kijivu. Nikaufunga tena ule mfuko, nikakaa juu ya kigoda nisijue la kufanya.

Yeye mwenyewe alikuwa akiyala kila siku, uji asubuhi, ugali mchana na ugali jioni. Pua yake haikunusa kitu tangu yale mafua makali yaliyomlaza wiki tatu, na macho yake siku hizi huona mbali vizuri kuliko karibu. Mkewe alishatangulia, wanawe wako mbali, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuonja chakula pamoja naye akakunja uso. Alikuwa amekonda. Mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na ukimuuliza anasema ni uzee. Sisi tulijua si uzee peke yake, na kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake aende kumwambia.

"Aende nani?" aliniuliza mwanamke anayeuza mkaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. "Mimi? Mtu huyo ndiye aliyenifundisha kupima mahindi, leo nikamwambie ya kwake mabovu? Naanzia wapi, Mama Hadija?"

Mimi pia sikujua pa kuanzia. Ili msomaji aelewe ugumu wenyewe, inabidi nimweleze mtu tunayemzungumzia.

Bwana Afya si jina la utani, ni jina la kazi. Kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi wa afya wa mitaa yetu, mtu wa kukagua vyoo, visima, bucha, migahawa na stoo za vyakula. Alipostaafu, kazi ilibaki ofisini, jina akaondoka nalo. Ni mrefu na mwembamba, na hutembea ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza kitu nyuma ya ukuta. Shati jeupe la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, na baiskeli ambayo mnyororo wake ulikuwa ukilia kiasi cha kutufikia kabla yake. Mlio ule ulitosha kuwafanya wanawake wa mtaa mzima wafunike vyungu. Alipofika alipiga hodi kama watu wote, akaitikia shikamoo za watoto moja baada ya nyingine bila kuruka hata mmoja, kisha, kabla hajauliza habari za wagonjwa wala za safari, akauliza: "Stoo haijambo?" Mama yangu alikuwa akisema kwamba mtu huyu akifika ahera ataulizia kwanza wanahifadhi wapi mahindi.

Usidhani alikuwa mtu wa kufoka. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Ukali wake ulikuwa katika kuuliza. "Yamekauka?" Unajibu yamekauka. "Siku ngapi?" Tano. "Juani au kibarazani?" Hapo unaanza kutafuta maneno. "Jioni uliyaingiza ndani, au uliyafunika palepale nje?" Maswali yakifika mwisho unakuwa umejihukumu mwenyewe, na yeye hajasema neno hata moja baya. Alikuwa na kauli yake ambayo watoto wa mtaa waliigeuza wimbo wa kuruka kamba: kikavu ni kikavu, kinachokaribia kukauka ni kibichi.

Na huyohuyo alikuwa akiogopa panya. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Siku moja alikuwa katika stoo ya jirani akimweleza kwa nini gunia halitakiwi kugusa ukuta wala sakafu, lipandishwe juu ya mbao, na paka aweze kupita chini yake. Akalisogeza gunia ili aonyeshe, panya akatoka. Bwana Afya alijikuta amesimama juu ya magunia ya mpunga na viatu vyake, daftari limekumbatiwa kifuani, na hakushuka hadi tulipomhakikishia mara tatu kwamba mnyama amekwenda zake. Aliposhuka alijikung'uta suruali, akaendelea na maelezo kuanzia pale alipokuwa ameishia. Tulicheka wiki nzima. Hata hivyo, jirani yule alitafuta mbao.

Jambo jingine ambalo watu hawakuacha kumtania nalo ni mahindi yenyewe. Enzi za kazi yake kulikuwa na agizo kwamba mjini mtu asipande mahindi wala mtama karibu na nyumba, kwa maelezo kwamba mazao marefu huficha mbu na wezi. Bwana Afya alilisimamia agizo lile bila kupepesa macho. Mahindi yakifika kiunoni, anapita, ananyoosha kidole, na mwenye nyumba anayakata mwenyewe huku akimlaani kimoyomoyo. Basi, mwaka aliostaafu, na agizo nalo likiwa limeshaanza kusahauliwa na kila mtu, alilima uani kwake kuanzia ukingo wa choo hadi chini ya dirisha la chumba cha kulala. Yalipokua, ukitaka kumsalimia ilibidi uite, naye akuitikie kutoka katikati ya majani.

"Bwana Afya, na mbu je?" wapita njia walimtania.

"Wapo," alijibu bila kuonekana. "Nimewaandikia barua wahame."

Siku moja nilimuuliza bila utani. Alikuwa akipalilia, akaegemea mpini wa jembe. Akaniambia agizo lile lilikuwa na sababu zake, lakini yeye hakuwahi kulipenda, kwa sababu jioni alikuwa akirudi nyumbani akijua kwamba amekata chakula cha mtu. Nikamuuliza mbona basi alilitekeleza. "Nilikuwa nimekubali kazi," alisema, akaendelea kupalilia. Jibu hilo sikulipenda, na hadi leo silipendi sana, ila ni jibu lake na ninalieleza kama alivyolitoa.

Wiki za joto kabla ya mvua, ambazo mtu mvivu huzimaliza akijipepea, kwake zilikuwa sikukuu. Mwishoni mwa mwezi wa tisa alishaanza kuzunguka kwa miguu, baiskeli alikuwa amempa mpwa wake, akitukumbusha samadi. Samadi huletwa na mikokoteni ya ng'ombe kutoka kwa wafugaji wa nje ya mji, njia ya Isikizya, na yeye aliingiza kijiti kwenye kila rundo kujua kama imeiva. Kisha mbegu. Alitufundisha kuchukua punje kumi bila kuchagua, kuziviringisha katika kitambaa kibichi, kukiweka mahali penye joto kwa siku tano, halafu kufungua. Nane zikiota, panda. Zikiota tano, kuna jambo, katafute mbegu nyingine. Mvua ya kwanza ikinyesha na watu wakikimbilia majembe, alitoka na panga, akachimba katikati ya tuta, akaingiza mkono. Akikuta vumbi kabla ya kufika kwenye kiwiko, anatikisa kichwa na sisi tunarudi ndani. Tumepona hasara nyingi za mvua za kudanganya kwa sababu ya mkono ule.

Stoo ndiyo aliyoipenda zaidi. Alisema kulima bila kuweka akiba ni kuanza safari bila kufunga kamba za viatu. Kabla ya mvua alitaka kila nyumba iwe na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa vibichi hadi vikawa vikavu kama vijiti, na majani ya kunde yaliyokaushwa, na maharage yaliyochanganywa na majivu, na dagaa. Dagaa wa Kigoma wakifika kwa treni alituagiza tuwaanike upya. "Wamesafiri, wamechoka, wamepata unyevu," alisema, kana kwamba ni wageni wa kupumzishwa. Mahindi alitupimia kwa chupa ya kioo iliyo kavu: punje kidogo, chumvi kavu kidogo, funika, tikisa, subiri. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Na akipata wasikilizaji alihadithia kuhusu wapagazi wa zamani walioondoka hapa Unyanyembe na mizigo kichwani kwenda pwani. Watu husifu shingo zao, alisema, lakini njia yote ile hadi baharini imetembewa kwa michembe.

Sasa niseme kuhusu karanga, kwa sababu bila karanga mtu huyu kwangu angebaki kuwa kichekesho chenye kalamu mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama alikuwa amelima karanga peke yake katika kipande chetu cha shamba huko Ntalikwa. Tulipata magunia mawili baada ya kubandua. Ndiyo yaliyokuwa chakula chetu, na biashara yake ya karanga za kukaanga, na mbegu ya msimu uliokuwa unakuja. Hapa lazima nilieleze kosa letu, nalo ni kosa la wanawake wa kwetu wenye vidole vinavyouma. Karanga iliyokauka sawasawa hubanduliwa kwa dole gumba, na ganda kavu linakata. Ukizinyunyizia maji, ganda linalegea, kazi ya wiki mbili inaisha kwa siku tatu. Bibi alikuwa akifanya hivyo na mama akafanya hivyo. Ndoo ya maji niliibeba mimi. Tulibandua tukipiga soga, tukajaza magunia, tukayashona midomo, tukayapanga chumba cha nyuma.

Bwana Afya alikuja siku chache kabla ya kupanda. Mama alifungua gunia kwa kujiamini kabisa. Bwana Afya aliingiza mkono hadi begani, akautoa, akaunusa. Akaingiza tena upande wa pili. Kisha akaanza kupasua karanga, moja moja, akizipanga kwenye kiganja, na mimi niliona jinsi katikati yake kulivyokuwa na rangi ya majani makavu.

"Mayu," alimwambia mama, akitumia neno la Kinyamwezi la kumwita mama kwa heshima, "ulizinyunyizia maji?"

"Kidogo tu. Ya kulegeza maganda."

"Hizi haziliwi, mayu. Wala hazipandwi."

Mama alicheka kidogo, akidhani ni mwanzo wa mazungumzo. "Nitazichagua. Mbaya nitatupa."

"Mbaya huwezi kuzijua zote. Nyingine ni nyeupe na zina sumu vilevile."

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, neno lenyewe sisi tulikuja kulisikia redioni miaka mingi baadaye. Siku ile tulichosikia ni kwamba chakula chetu chote kimeisha. Mama alimuuliza watoto wake watakula nini. Bwana Afya akasema, "Sijui, mayu. Ila siyo hizi." Hakuondoka hadi shimo lilipochimbwa, karanga zikamiminwa, zikachanganywa na majivu ili mtu asijaribiwe kuzifukua, na udongo ukarudishwa. Alishika jembe na yeye akachimba. Mama hakulia mbele yake. Alilia mlio wa baiskeli ulipokwisha kupotea, na wadogo zangu wakalia kwa kumwona yeye.

Mwaka ule tulikula michembe ya kuombaomba kwa ndugu na mboga za porini, na mama alifua nguo za watu. Kuna siku tulikula mara moja. Mimi nilimchukia Bwana Afya kwa nguvu zote za mtoto. Mama yeye aliacha tu kumwitikia salamu, na mama yangu si mtu wa kuacha jambo nusu. Mtu anasema "Habari za hapa, mayu," na yeye anaendelea kupepeta mchele kana kwamba aliyepita ni upepo.

Msimu uliofuata tulipata tena karanga, chache. Tukazianika uani. Jioni moja Bwana Afya alikuja bila daftari, amebeba kigoda chake mwenyewe. Hakuuliza habari ya stoo. Aliketi pembeni ya lile rundo, akaanza kubandua karanga kavu kwa dole gumba. Alikuja kesho yake baada ya kazi, na keshokutwa. Vidole vyake vilikuwa vya mtu wa kalamu. Siku ya pili dole gumba lilipasuka, akalifunga kitambaa, akahamia mkono wa kushoto. Mama hakumsemesha hata neno moja, na yeye hakujaribu kuzungumza. Mimi ndiye niliyenong'onezwa siku moja, mama alipoingia jikoni.

"Kavu inauma," aliniambia akitazama kidole chake. "Nilikuwa sijui kwamba inauma hivi."

Siku ya saba, rundo lilipoisha, mama alimletea maji ya kunawa na kumwekea chini, akaondoka bila kusema kitu. Kwa wanaomjua mama yangu, hayo yalikuwa maneno mengi. Tangu hapo alianza kumwitikia salamu, kwa kifupi, na mambo ya karanga hayakutajwa tena kati yao. Sikuwahi kusikia samahani kutoka kwa huyu wala asante kutoka kwa yule.

Leo nina miaka arobaini na sita, nina cherehani yangu na bustani yangu nyuma ya nyumba, na tangu siku ile hatujawahi kutupa gunia. Kuna miaka mvua imekatika mwezi wa pili na mitaa mizima ikahangaika, na sisi tukafungua stoo tukala, tukampa na jirani. Wanangu hawajui njaa niliyoijua mimi. Ninapomshukuru Mungu kwa hilo, Bwana Afya naye huwa yumo humo katikati ya shukrani. Nikiwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba siku ile angeweza kutazama pembeni. Angesema, chagueni nzuri mle, akapanda baiskeli yake, na sisi tungempenda sana na tungeendelea kula sumu. Alikubali tumchukie.

Na sasa mimi nilikuwa nikitazama pembeni. Siku tisa nzima. Nilikuwa nikikutana naye njiani, namsalimia, naona shati linavyoning'inia, nakimbilia kwenye cherehani yangu. Siku ya kumi nilichukua ule mfuko alionipa, nikapasua punje nyingine, nikaenda asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla ujasiri haujaniishia.

Nilimkuta barazani amefungua kitambaa chake cha mbegu. Kati ya punje kumi zilikuwa zimeota mbili.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, binti. Stoo haijambo?" Hakungoja jibu. "Tazama hii. Joto limezidi mwaka huu. Au kitambaa kilikuwa na sabuni."

Nilisikitika kumsikia. Alikuwa akitafuta sababu kama sisi sote tulivyokuwa tukitafuta mbele yake.

"Yangu haijambo," nilisema. "Nimekuja kwa ajili ya yako. Baba, mahindi yako yana ukungu."

Hakushtuka. Alikunja kile kitambaa taratibu. "Umejuaje?"

"Kwa harufu. Na nimepasua."

"Umepasua ngapi?"

"Ishirini."

"Mbaya?"

"Kumi na nne."

"Ulichukua za juu ya mfuko?"

"Juu, katikati na chini."

Alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa akitafuta kasoro katika ukaguzi wangu na hakuipata, na nilivyomjua, jambo hilo lilimfurahisha na kumuumiza kwa wakati mmoja. Akaomba mfuko, akapasua punje moja kwa meno, akaitemea kiganjani, akaisogeza mbali na macho yake kwa urefu wote wa mkono. Aliitazama muda mrefu.

"Na majirani wanajua?"

"Wanajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipogawa."

"Mmenitazama nikila," alisema. Hakuwa analaumu, alikuwa akiandika tu kichwani. Nilimwomba msamaha. Akaniambia niende nikalete jembe.

Stoo yake ilikuwa safi kama kawaida, magunia matatu juu ya mbao, hatua moja kutoka ukutani. Alinieleza bila kuulizwa. Mvua za mwisho zilichelewa kukatika, akavuna mapema, akaanika siku tatu, akaanza kujisikia vibaya, akaingiza ndani. Chupa hakutumia. Alinusa tu, na pua ikamwambia mazuri. "Chupa niliona ni ya wanafunzi," alisema. Nilichimba mimi, maana mikono yake haikuweza tena. Yeye aliketi ukingoni akipima kina kwa fimbo, na mara mbili alinirudisha chini. Tulimimina magunia yote matatu, tukachanganya na majivu, tukafukia. Akasema kesho nimsindikize hospitali akapimwe kama sumu ile haijagusa ini. Nilidhani tumemaliza. Aliingia ndani, akatoka amevaa shati jeupe na kalamu zake mbili.

"Leta toroli," alisema. "Niligawa nyumba saba."

Nilimwambia apumzike, nitazipitia mimi.

"Wewe ndiye uliyewapelekea?"

Basi tukaenda, mimi nasukuma toroli, yeye mbele na fimbo yake. Kila mlango alisimama wima na kusema maneno yaleyale: "Nilikuletea mahindi mabaya. Nimekuja kuyachukua." Watu walitahayari. Wengine walijidai wanashangaa. Mwanamke wa mkaa alisema mbona yeye aliyaona mazuri tu.

"Umeyala?" akamuuliza.

"Sijayala. Nilimpa kuku."

"Kuku hajambo?"

Alitazama chini. "Hayupo."

Bwana Afya alitikisa kichwa na kuniashiria nichukue kilichobaki.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yangu. Ana miaka sabini na kitu sasa, anaishi peke yake hatua chache kutoka kwangu, na alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mbegu za kunde. Walisalimiana kwa Kinyamwezi, kwa urefu, kama inavyotakiwa. Kisha Bwana Afya akasema maneno yake.

"Sinayo," mama alijibu. "Niliyafukia siku uliyoyaleta. Ulipokata kona tu nikaenda kuchimba. Nikayachanganya na majivu."

Mimi nilikuwa sijui. Mama hakuniambia hata mimi.

"Ulijua," alisema Bwana Afya.

"Nilijua. Si wewe uliyenifundisha?"

"Mbona hukuniambia?"

Mama alijifuta mikono kwenye khanga. "Ningekuambiaje? Ulikuja umefurahi. Umezeeka, uko peke yako, stoo ndiyo raha yako iliyobaki. Nilikuonea huruma."

Bwana Afya hakukasirika. Aliinamisha kichwa upande kama anavyofanya, akasema kwa sauti yake ileile ya maswali:

"Na mimi nilikuonea huruma siku ile, mayu. Mume umemzika juzi, watoto wamesimama mlangoni. Lakini nilikuambia."

Kunde zilikuwa bado mapajani mwa mama, akazirudisha kwenye ungo moja moja hadi zikaisha. Halafu akajivuta hadi ukingo wa mkeka, akaegemeza mkono chini, na kwa yale magoti yake yanayouma akapiga magoti mbele ya Bwana Afya, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya wanapotoa shukrani.

"Wabeja," alisema. Asante. "Kwa zile karanga."